Usiishie kupimwa presha ya macho, omba na mshipa uangaliwe

Mzee aliyezoea kupita kwenye majaruba ya mpunga akianza kujikwaa na kugonga vitu vya pembeni, nyumbani tunasema ni uzee. Wengine husema ni mtoto wa jicho, tusubiri mavuno yaishe ndipo aende Ifakara.

Kusubiri huko kuna hatari. Mtoto wa jicho akitolewa, kwa kawaida mtu huona tena. Glakoma, ambayo wengi tunaiita presha ya macho, haiponi hivyo. Mara nyingi haiumi, huanza kula uoni wa pembeni, na kilichopotea hakirudi. Tiba hulinda kilichobaki tu.

Si ugonjwa wa nadra. Kongwa, Dodoma, watafiti waliwapima watu 3,268 wenye miaka 40 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha asilimia 4.16 walikuwa nao, yaani karibu mtu 1 kati ya 24.

Jina "presha ya macho" linatupotosha kidogo. Presha ya jicho inaweza kusomeka kawaida huku mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo ukiendelea kufa. Ndiyo maana mtaalamu humulika nyuma ya jicho kutazama kichwa cha mshipa huo. Huonekana kama kisahani chenye kikombe katikati. Nyuzi za mshipa zikifa, ukingo hukonda na kikombe hupanuka.

Kwa watu wengi kikombe huchukua kama 0.3 ya kipenyo cha kisahani. Kikifika 0.7, au jicho moja likizidi jingine kwa 0.2, mtaalamu hushuku. Bado si hukumu, maana wapo waliozaliwa na kikombe kikubwa. Hupimwa pia uoni wa pembeni, na namba huandikwa ili zilinganishwe safari ijayo. Kwa hiyo tunza kadi ya mzee kama unavyotunza kadi ya kliniki ya mtoto.

Wahi hospitali yenye kliniki ya macho iwapo:

- Una miaka 40 au zaidi na hujawahi kuangaliwa mshipa wa jicho.
- Mzazi wako au ndugu yako wa tumbo moja ana glakoma.
- Mtoto wako ametumia kwa muda mrefu matone yenye steroidi kwa sababu ya macho kuwasha. Matone hayo yanaweza kupandisha presha ya jicho, usiyanunue dukani bila kuandikiwa.
- Kichanga ana macho makubwa yenye ukungu, yanayotoa machozi na kukimbia mwanga. Huyu asingoje hata siku moja.

Tiba ipo: matone ya kila siku, mionzi ya leza au upasuaji. Utafiti wa KCMC, Moshi, uliochapishwa 2021 ulionyesha leza ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho baada ya mwaka mmoja, dhidi ya 31 kwa matone ya timololi.

Ukimpeleka mzee, uliza swali moja kabla ya kutoka: "Daktari, kikombe cha kila jicho ni ngapi?" Kisha hakikisha jibu limeandikwa.