Ghala, Mzigo na Bunduki: Maoni kuhusu Uandishi wa Historia ya Vita katika Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Historia ya vita, kama inavyofundishwa katika shule na vyuo vyetu, kwa kawaida huwa ni historia ya silaha na majemadari. Mwanafunzi huelezwa kwamba mkuki ulishindwa na gobori, gobori likashindwa na bunduki, na bunduki nayo ikashindwa na bombomu. Hukariri tarehe: Lugalo, 17 Agosti 1891, Mahenge, 30 Agosti 1905, Tanga, Novemba 1914. Anapomaliza masomo yake husadiki kwamba vita huanza kwa mlio wa kwanza wa risasi na kwisha kwa mlio wa mwisho.

Makala haya yanapinga mtazamo huo. Tunadai kwamba vita vikubwa vilivyopiganwa katika ardhi yetu tangu mwishoni mwa karne ya 19 viliamuliwa zaidi na chakula na uchukuzi kuliko silaha. Tunadai pia kwamba historia inayokomea kwenye uwanja wa mapambano huwasahau wengi wa waliokufa. Lugha yetu yenyewe hututahadharisha juu ya kosa hili, kwani hutofautisha *pigano* na *vita*. Pigano lina mahali pake na siku yake, na laweza kuhesabiwa: moja, mawili, matatu. Vita, nomino ambayo katika matumizi ya kawaida haina umoja, ni hali nzima inayoikumba jamii. Wanahistoria wetu wengi wameandika juu ya mapigano wakidhani wameandika juu ya vita.

2.0 Majimaji: Vita Vilivyoanzia Shambani

Tuanze na vita ambavyo kila msomaji wa jarida hili anavifahamu. Inajulikana kwamba Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi kwa kung'olewa kwa miche ya pamba. Tendo hilo kwa kawaida huelezwa kama ishara tu, yaani namna ya kumtangazia mkoloni kwamba amekataliwa. Kwa maoni yetu lilikuwa zaidi ya ishara. Mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja, ulioanzishwa mwaka 1902 chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, uliwalazimisha watu kufanya kazi katika shamba la jumbe au la akida, na malipo yake yalikuwa madogo kiasi kwamba wapo waliokataa kuyapokea. Mkulima aliyeitwa kwenye pamba wakati wa kupalilia aliliacha shamba lake la mtama litawaliwe na magugu na nguruwe mwitu. Aliyeing'oa pamba, basi, alikuwa akiukomboa muda wa kulima chakula chake.

Hata dawa yenyewe ina ushahidi wa jambo hili. Tumezoea kuyataja *maji* kama kinga ya risasi tu. Lakini taarifa za Wajerumani wenyewe zinaonyesha kwamba kabla ya vita dawa ile ilisifiwa pia kwa kuondoa njaa na maradhi na kuyalinda mashamba dhidi ya wanyama waharibifu. Punje za nafaka zilitiwa ndani yake. Mtu aliyekwenda Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale hakwenda akiwa askari mtarajiwa peke yake. Alikwenda pia akiwa mkulima mwenye wasiwasi juu ya mavuno yake. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, mwanzoni kabisa mwa vita. Maelezo yanayomfanya yeye na risasi kuwa kiini cha kisa chote yanashindwa kutueleza kwa nini vita viliendelea hadi mwaka 1907.

3.0 Njaa kama Silaha

Mapigano makubwa ya Majimaji yalikuwa ya muda mfupi. Pale Mahenge maelfu ya wapiganaji waliikabili boma yenye bombomu, na matokeo yake yanafahamika. Baada ya hapo wapiganaji waliacha kujipanga mbele ya boma, wakatawanyika na kupigana kwa kuvizia. Hapo ndipo Wajerumani walipotambua kwamba bunduki zao hazitoshi, kwa kuwa haziwezi kumpiga adui asiyeonekana. Kapteni von Wangenheim alishauri waziwazi katika mwaka huo wa 1905 kwamba ni njaa na dhiki tu zitakazowafanya watu watii moja kwa moja. Ushauri huo ukawa siasa ya vita. Vijiji vilichomwa moto, maghala yakafunguliwa na kuporwa, mazao yaliyosimama mashambani yakateketezwa, na watu wakazuiwa kupanda wakati mvua ziliponyesha.

Takwimu zinaeleza tofauti iliyopo kati ya pigano na vita. Upande wa Wajerumani ulihesabu Wazungu 15, askari 73 na wasaidizi wa Kiafrika 316 waliouawa. Kwa upande wa wananchi, makadirio ya Wajerumani yaliyotolewa baadaye yalifikia watu 75,000. Gilbert Gwassa, mtafiti aliyevichunguza vita hivi kwa kina, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Hata tukichukua makadirio ya chini, haiwezekani kudai kwamba watu wote hao walipigwa risasi. Wengi walikufa porini na majumbani mwao, miezi mingi baada ya majemadari kutangaza ushindi. Wengi wao walikuwa wanawake, watoto na wazee, ambao hawakuwahi kuliona pigano lolote.

Isidhaniwe kwamba hili lilikuwa jambo la pekee. Katika vita vya Waingereza na Makaburu vya 1899–1902, jeshi la Uingereza lilichoma nyumba za mashambani zipatazo 30,000 na kuwakusanya wakazi wake kambini. Humo walikufa wanawake na watoto wa Kikaburu zaidi ya 20,000, na pia Waafrika wasiopungua 14,000, ambao kwa muda mrefu hawakutajwa hata kidogo. Katika Namibia ya leo, baada ya pigano la Waterberg la Agosti 1904, Jemadari von Trotha aliwasukuma Waherero katika jangwa la Omaheke na kuwazuia kurudi kwenye visima. Kwa hiyo, ndani ya miaka isiyozidi minane, madola mawili ya Ulaya yalitumia mbinu ya aina moja katika sehemu tatu za bara hili. Mwanahistoria anayelinganisha silaha peke yake hawezi kuuona uhusiano huo. Bunduki zilizotumika ni jambo dogo ndani yake. Jambo kubwa ni kwamba ghala na kisima viligeuzwa kuwa shabaha.

Athari zake bado zinaonekana katika ramani. Maeneo ya kusini-mashariki mwa Tanzania yaliyopoteza watu yalirudiwa na msitu, wanyamapori na mbung'o, na sehemu yake ikaja kuwa ndani ya Pori la Akiba la Selous, ambalo upande wake wa kaskazini ulifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Mgeni anayeonyeshwa huko mbuga "isiyoguswa na binadamu" anaonyeshwa, katika baadhi ya sehemu, mahame.

4.0 Mzigo wa Mpagazi

Vita vya Kwanza vya Dunia vinathibitisha hoja yetu kwa njia nyingine. Hapa njaa haikuwa silaha iliyokusudiwa; ilitokana na hesabu ya uchukuzi. Mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe wa kukokota, barabara hazikuwapo, na reli zilikuwa chache. Kwa hiyo majeshi yote mawili yalibebwa vichwani mwa watu.

Tuchukulie mfano mwepesi. Mpagazi anabeba kilo 25 za nafaka na kula kilo 1 kwa siku. Akienda mwendo wa siku 10 na kurudi siku 10, atakuwa amekula kilo 20, na jeshi litakuwa limepata kilo 5. Umbali ukiongezeka kidogo, atakula mzigo wote kabla hajafika nyumbani. Jeshi lililoendeshwa kwa hesabu hiyo lilikuwa na njia mbili tu: kuongeza wapagazi mpaka vijiji vibaki bila watu wa kulima, au kuchukua chakula kwa wenyeji njiani. Majeshi ya Afrika Mashariki yalifanya yote mawili. Huko Ugogo, kila upande kwa zamu yake ulichukua nafaka, mifugo na wanaume. Mvua zilipokosekana baadaye hapakuwa na akiba yoyote. Wagogo waliita njaa hiyo Mtunya, na makadirio ya watafiti ni kwamba iliua watu wapatao 30,000. Von Lettow-Vorbeck, ambaye vitabu vingi vimemsifu kwa ustadi wake wa kukwepa maadui, alisalimisha silaha zake tarehe 25 Novemba 1918. Kwa Wagogo, vita vilikuwa havijaisha.

Wapagazi wenyewe walikufa kwa kuhara damu, malaria na uchovu. Kumbukumbu za Waingereza zinahesabu zaidi ya 40,000 kwa upande wao, na watafiti wa baadaye wameona kwamba idadi halisi ni kubwa zaidi. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 yaweza kutumika kama kielelezo cha historia yetu yote ya vita. Maandishi yaliyo chini yake yanawataja wapagazi, lakini aliyesimama juu, amefumbatwa katika shaba, ni askari mwenye bunduki na singe.

5.0 Pingamizi na Jibu

Yapo mawazo kwamba mtazamo huu unawavunjia heshima mashujaa. Wenye mawazo hayo husema kwamba tukiandika juu ya njaa tutawageuza wapiganaji wetu kuwa wahanga tu, ilhali kizazi cha uhuru kilihitaji, na kilistahili, habari za ushujaa. Hoja hii ina uzito. Tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile* (1969), ilituonyesha jinsi tendo la mtu mmoja kukataa kuikana imani lilivyoweza kuwa urithi wa taifa. Hatudai kwamba fasihi ingepaswa kufanya kazi nyingine.

Hata hivyo, tunaona kwamba ushujaa haupunguzwi kwa kuelezwa kikamilifu. Mtu aliyeendelea kupigana baada ya kujua kwamba maji hayazuii risasi, huku ghala lake likiwaka moto, alionyesha uthabiti uliopita ule wa aliyeikabili boma akiamini kwamba amekingwa. Isitoshe, historia ya silaha ina hatari yake ya siri: humfundisha kijana wa Kiafrika kwamba babu zake walishindwa kwa kuwa walikuwa nyuma kiufundi na waliamini uchawi. Hiyo ndiyo tafsiri ambayo mkoloni mwenyewe aliipendelea, kwani ilimwondolea wajibu wa kueleza habari za mashamba yaliyoteketezwa.

Kwa upande mwingine, ukweli haupaswi kuwabagua Wazungu. Sehemu ya waliochoma na kupora katika Majimaji walikuwa Waafrika: askari na wasaidizi waliotoka katika jamii zilizokuwa upande wa Wajerumani, wakiwamo Wahehe, ambao wenyewe walikuwa wamepigwa na Wajerumani hao hao muongo mmoja kabla. Historia ya ghala itatulazimisha kuliandika na hilo.

6.0 Hitimisho

Kazi hii inaihusu taaluma ya Kiswahili moja kwa moja, kwa sababu kumbukumbu za ghala na mzigo zimehifadhiwa katika lugha zaidi kuliko katika nyaraka. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni majina ya kikosi cha wapagazi, ingawa mnunuzi sokoni hajui kwamba anatamka jina lao. *Posho*, neno la chakula alichopimiwa mpagazi, askari na kibarua, limekuwa ugali nchini Uganda na malipo ya vikao nchini Tanzania. Katika lugha zetu nyingine yamo majina ya njaa, kama Mtunya, ambayo kwa wenyeji ni kalenda kamili.

Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa chuo chetu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee walioiona Majimaji kwa macho. Wazee hao hawapo tena. Lakini masimulizi yao yapo, na tunawasihi wanafunzi wa uzamili wayasome upya wakiuliza maswali mengine: mlikula nini, mlificha wapi mbegu, nani alizika? Tunawasihi pia wayakusanye majina ya njaa, wilaya kwa wilaya, kabla hayajasahauliwa. Orodha ya namna hiyo, ikikamilika, itakuwa historia ya vita iliyo karibu na ukweli kuliko orodha ya mapigano tuliyoizoea.