Kabla hujauza cherehani yako ya zamani

Mfanyabiashara mwenzangu, mauzo yakishuka, wengi tunakimbilia kulaumu kifaa. "Cherehani yangu ya kizamani." "Jiko la mkaa limepitwa na wakati." Mimi naona tunakosea kuanza hapo, na Disney, wale wa katuni wa Marekani, ni mfano mzuri.

Jamaa walizoea kuchora kwa mkono. The Lion King ya 1994 ilichorwa hivyo na ikawaletea pesa nyingi sana. Mwaka 1995 studio ya Pixar ikaja na Toy Story, filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa yote kwa kompyuta. Watu wakaipenda. Miaka iliyofuata katuni za Disney zikaanza kuyumba, na wakubwa wakaamini mteja kachoka na michoro ya mkono.

Sasa tazama hesabu za 2002. Chukua katuni mbili za kuchora walizotoa mwaka huo. Treasure Planet iligharimu kama dola milioni 140, ikakusanya milioni 110 hivi, na hapo majumba ya sinema hayajachukua chao. Lilo & Stitch iligharimu kama milioni 80, ikakusanya zaidi ya milioni 270. Tena ile iliyopata hasara ndiyo iliyochanganya kompyuta kwa wingi! Hii nyingine hata mandhari yake ilipakwa kwa rangi za maji.

Mwaka mmoja, kampuni moja, penseli ileile. Kumbe penseli haikuwa tatizo. Mteja alifuata hadithi ya mtoto mpweke na dada yake.

Lakini walichofanya ni kupunguza wachoraji, na 2004 wakafunga studio yao ya Florida, ileile iliyotengeneza Lilo. Yaani walifunga kibanda kilichokuwa kinauza!

Mwaka 2006 wakainunua Pixar kwa dola bilioni 7.4, na viongozi wa Pixar wakapewa kusimamia katuni za Disney. Wakaleta utaratibu wa watengenezaji kuonyeshana kazi ingali mbichi na kuambiana ukweli hadithi inapopwaya. Mwaka 2013 ikatoka Frozen, ikakusanya zaidi ya dola bilioni 1.

Utasema, mbona Frozen ni ya kompyuta? Kweli, na sipingi mashine mpya. Ninachopinga ni kuinunua ili ikufichie tatizo usilotaka kuliangalia.

Kwa hiyo kabla hujakopa au kuuza kifaa:

1. Tafuta wateja watatu waliokuhama, waulize kwa nini. Sikiliza, usijitetee.
2. Piga hesabu ya kila bidhaa peke yake. Ipi inakulipa, ipi inakula mtaji?
3. Inayokulipa usiiguse, hata kama inaonekana ya kizamani.

Huenda mteja hana habari na cherehani yako. Huenda amechoka tu kuambiwa "njoo kesho" kila akija kuchukua nguo yake.