Mwacheni Talaso na Jina la Babu Yake

Kwa Waborana, jina hueleza. Galgalo alizaliwa jioni, Halkano usiku, Boru alfajiri, Guyo mchana. Roba alikuja na mvua, na msichana wa Jumanne huitwa Talaso. Mzee wa Merti au Garba Tulla akisikia majina matatu yakifuatana, anajua anazungumza na nani, baba yake ni nani na babu yake ni nani. Majirani zao Wasomali wana abtirsiinyo, orodha ya mababa ambayo mtoto huikariri tangu angali mdogo. Katika mpangilio huo hakuna nafasi ya jina la mume. Binti huposwa, mahari hutolewa, nikahi husomwa, naye huhamia kwa mumewe. Jina lake halihami.

Halafu inakuja fomu ya uhamiaji. Fomu hiyo ina kisanduku cha jina la ukoo, na kisanduku hicho hakitaki kuachwa wazi. Pasipoti ya Kenya nayo huweka hapo jina la mwisho la mwenye pasipoti. Tuchukue familia ya kubuni, lakini ya aina inayopatikana kila siku Bulapesa na Wabera, mitaa ya mji wa Isiolo. Talaso Galgalo Boru ameolewa na Halkano Roba Guyo, anayeishi Minneapolis na ambaye amekwisha kuwa raia wa Marekani. Mtoto wao ni Amina Halkano Roba. Kwa jicho la Isiolo hao ni mume, mke na binti, na jina la kila mmoja limekaa mahali pake. Kwa jicho la fomu ni watu watatu wasiojuana: Boru, Guyo na Roba.

Hapo ndipo ushauri unapoanza kumiminika. Binamu aliyeko ng'ambo anapiga simu, kijana wa saiba anamuunga mkono, shemeji naye anaongeza lake: Talaso achukue jina la Guyo haraka, maana afisa wa ubalozi wa Marekani kule Gigiri, Nairobi, akiona majina mawili tofauti atadhani ndoa hii ni ya kununua. Maombi yamekwisha kutumwa, ada imelipwa, na sasa mwanamke anaambiwa arudi nyuma aanze na kitambulisho.

Ushauri huo haufai. Unavuruga faili ambayo haikuwa na kasoro, na unamwondolea mwanamke kitu ambacho hakuna sheria, ya Kenya wala ya Marekani, iliyomtaka akitoe.

Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inatambua ndoa za Kiislamu, Kikristo, Kihindu, za kimila na za kiserikali, na haimwagizi mke wa ndoa yoyote kati ya hizo kuchukua jina la mume. Ibara ya 45 ya Katiba ya 2010 inawapa mume na mke haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa katika ndoa, na hata wakiachana. Upande wa Marekani, mume anayemwombea mkewe hujaza fomu I-130. Maelekezo ya fomu hiyo yanataja ushahidi unaoweza kuonyesha kwamba ndoa ni ya kweli: vyeti vya kuzaliwa vya watoto, mali ya pamoja, nyumba waliyopanga pamoja, fedha zilizochanganywa, viapo vya watu wanaoifahamu ndoa hiyo. Kufanana kwa jina la ukoo hakumo. Afisa mwenye shaka atauliza mlikutana wapi, nani alikuwa walii, mume alikuja Isiolo lini mara ya mwisho, hutuma pesa kwa njia gani. Rekodi za miaka mitatu za pesa zilizotumwa nyumbani, pamoja na picha za harusi zenye mama mkwe na majirani ndani yake, zinaeleza mengi kuliko kitambulisho kilichobadilishwa mwezi uliopita.

Tena kubadili jina katikati ya safari hakuishii kwenye karatasi moja. Mwanamke hupeleka hati ya ndoa kwa usajili wa watu ili apate kitambulisho kipya. Kitambulisho kikitoka ndipo anapoomba pasipoti mpya. Pasipoti ikija, cheti cha tabia njema cha idara ya upelelezi, DCI, kilichotolewa kwa jina la zamani hakilingani nayo tena, kwa hiyo alama za vidole zinachukuliwa upya. Fomu ya DS-260, aliyoijaza mtandaoni na ambayo ada yake ni dola 325, inabidi ifunguliwe na kusahihishwa, na mtu awaandikie wenye kituo cha taifa cha viza cha Marekani kuwaeleza kilichotokea. Cheti cha kuzaliwa, kwa upande wake, hubaki na jina lile lile la kwanza. Kwa hiyo mwanamke aliyekuwa na karatasi zote zikisema kitu kimoja sasa ana karatasi zinazobishana, na fomu zinamtaka ataje kila jina alilowahi kutumia, leo na kila atakapojaza nyingine huko mbele. Viza huchapishwa kwa jina lililo kwenye pasipoti. Siku ya mahojiano ikimkuta pasipoti ya zamani imerudishwa na mpya haijatoka, hana cha kuweka mezani.

Mahali pengine usumbufu huu ungekuwa wa wiki chache tu. Isiolo ina historia yake na vitambulisho, na anayetoa ushauri wa haraka anapaswa kuikumbuka.

Mji huu ulikuwa lango la Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ile NFD ya wakoloni, ambako mtu hakuweza kuingia wala kutoka bila kibali. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, askari Wasomali wa ukoo wa Isaaq waliolitumikia jeshi la Uingereza walipewa makao hapa, na wajukuu zao wangali hapa. Novemba 1989 serikali iliwataka Wasomali wa Kenya nzima wajitokeze kuthibitisha uraia wao, na waliopita wakapewa kadi ya pili ambayo Mkenya mwingine hakutakiwa kuwa nayo. Kwa miongo kadhaa kijana wa kaskazini aliyefikisha umri wa kitambulisho alipigwa msasa mbele ya wazee na machifu, huku mwenzake wa Nyeri akijaza fomu na kwenda zake. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitia saini agizo la kuuondoa msasa huo wa ziada. Wanawake wana historia fupi zaidi ya karatasi. Kipande cha mkoloni kilikuwa cha wanaume, na sheria ya usajili ilianza kuwahusu wanawake mwaka 1978 tu. Talaso ana kitambulisho ambacho mama yake alikipata kwa shida na ambacho bibi yake alizeeka bila kukijua. Kumwambia akirudishe ofisini, jina lake likiwa halina kosa lolote, ni kumtwika mzigo usio wa lazima.

Kuna wanaosema Wamarekani wamezoea mke kubeba jina la mume, na ukienda kwao ufuate yao. Hao Wamarekani wenyewe walibishana sana juu ya jambo hili. Hadi miaka ya 1920 serikali yao ilikataa kumpa mwanamke aliyeolewa pasipoti yenye jina lake la kuzaliwa peke yake. Doris Fleischman, aliyefanya kazi ya uhusiano wa umma New York, alidai yake akaipata mwaka 1925, na ndiyo inayotajwa kuwa ya kwanza ya aina hiyo. Kaskazini yao, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, sheria ya 1981 ilikwenda mbali zaidi: mke hutumia jina lake la kuzaliwa katika haki na wajibu wake wote wa kiraia. Mwanamke wa Garba Tulla akihamia Montreal atakuta sheria ya huko inafanana na desturi ya nyanya yake. Na Septemba 2025 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba sheria iliyomnyima mume nafasi ya kuchukua jina la mkewe ilikuwa ya ubaguzi.

Jina la Kiafrika lililovuka bahari na kusomwa zaidi ya yote lilikwenda kwa mpangilio huu huu wa baba na babu. Mwanafunzi Mkenya aliyemwoa Ann Dunham huko Hawaii Februari 1961 aliitwa Barack, baba yake alikuwa Hussein Onyango, na Obama lilikuwa jina la babu yake. Fomu za Marekani zililichukua jina hilo la mwisho likawa la ukoo, na mwanawe akaingia nalo Ikulu ya Marekani mwaka 2009.

Hapa nyumbani, hesabu ya jina la mume aliifanya Wangari Maathai. Alizaliwa Nyeri mwaka 1940 akaitwa Wangari Muta. Akaolewa na Mwangi Mathai mwaka 1969, akachukua jina lake, na kwa jina hilo akapata shahada ya uzamifu ya Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971. Ndoa ilipovunjwa mwaka 1979, mume alimtaka aliache jina. Wangari alikuwa amekwisha kujulikana kwalo katika kazi na masomo yake, akakataa kuanza upya, akaongeza herufi moja tu: Mathai ikawa Maathai. Tuzo ya Nobel ya 2004 imeandikwa kwa herufi hiyo ya ziada. Yeye alikuwa na sauti na uwezo wa kupambana. Mwanamke aliyeko peke yake Minnesota wakati wa baridi, akiachika huku kadi yake ya kijani, benki yake na leseni yake ya udereva vimebeba jina la mtu aliyemwacha, ana vita virefu zaidi.

Wapo wanawake wanaotaka jina la mume, na ni haki yao. Katika kaunti hii yenye Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, kuna familia nyingi za Kikristo ambako bibi harusi hulichukua jina hilo kwa furaha, na hakuna wa kumwingilia. Kwake swali ni la wakati. Akitaka kubadili, na abadili kabla fomu ya kwanza haijatumwa, kitambulisho na pasipoti vikiwa tayari mkononi. Kama amechelewa, asubiri afike. Mke wa raia wa Marekani anayeendelea kuishi na mumewe anaweza kuomba uraia baada ya miaka mitatu ya ukaazi wa kudumu, na fomu ya uraia, N-400, ina sehemu ya kuomba jina jipya, ambalo jaji huliidhinisha katika hafla ya kiapo mahakamani. Ni njia nyepesi kuliko kukimbizana na mafaili kati ya Isiolo na Nairobi, karibu kilomita 280 kwenda na nyingine kama hizo kurudi.

Tatizo linalostahili kukimbiliwa ni lingine, nalo ni dogo kwa macho: herufi. Mohamed wa kitambulisho ni Mohammed wa cheti cha kuzaliwa. Hawa wa shuleni ni Hawo wa hati ya ndoa. Halkano anaandikwa Halikano, Boru anakuwa Boro, na babu anadondoka kabisa kwenye cheti kimoja kisha anaibuka kwenye kingine. Makosa haya huanzia kwa karani aliyeandika alivyosikia, mara nyingi mtu asiyejua Kiborana wala Kisomali, na mwenye jina hayaoni hadi siku afisa anapozipanga karatasi zote mezani. Hati ya kiapo kwa wakili huyatibu mengi. Kama kuna pesa ya kutumia, na itumike hapo.

Serikali ya Kenya nayo inapaswa kujitazama. Mabibi harusi wanaingia Isiolo pia, wakitoka Moyale na Yabelo upande wa Ethiopia, ambako mpangilio wa jina la mtoto, la baba na la babu ni ule ule. Ibara ya 15 ya Katiba inampa aliyeoana na Mkenya haki ya kuomba uraia baada ya miaka saba. Katiba iliyotangulia ilimfungulia mlango huo mke wa kigeni na kumfungia mume wa kigeni. Anayeomba leo hapaswi kuulizwa kwa nini jina lake halifanani na la mwenzake, wala kunong'onezwa kwamba lingefanana mambo yangekwenda haraka. Tunachoudai ubalozi wa Gigiri, dawati la Kenya lianze kukitoa.

Mahali pa kuanzia pako karibu. Kadhi na wasajili wa ndoa za Kiislamu hapa Isiolo ndio wanaoandika karatasi ambayo nyingine zote zitaitegemea. Waombe kitambulisho cha bibi harusi kama wanavyoomba cha bwana harusi, waandike majina yake yote matatu kama yalivyo humo, wasikubali "mke wa fulani" wala jina moja lililokatwa. Talaso Galgalo Boru ni herufi 17. Zisomwe kwa sauti mbele yake na walii wake kabla mtu yeyote hajatia saini.