Ufunguo wa Siri Usiwe wa Wachache

Huko Marekani wanafunzi wa shule za sekondari wamekuwa wakikusanyika vyuoni wakati wa likizo ya kiangazi ili kufundishwa elimu ya maandishi ya siri, yaani namna ya kuufumba ujumbe usisomwe na asiyehusika, na namna ya kulifumbua fumbo la mwingine. Mwaka 2014 serikali ya nchi hiyo iliingiza fedha zake katika kazi hiyo kwa kuanzisha GenCyber, mpango wa makambi ya usalama wa kompyuta ambayo wanafunzi na walimu walihudhuria bila malipo.

Wako wanaozibeza warsha za namna hii. Baadhi yao hudai kwamba ni mchezo wa watoto. Wengine hudai kwamba ni kuwapa vijana silaha ya wahalifu. Hoja zote mbili ni potofu.

Kijana huanza na njia ya Julius Caesar ya kusogeza kila herufi hatua tatu, A ikawa D. Akisha kuona jinsi hila hiyo inavyovunjwa kwa kuhesabu tu herufi zinazojirudia, hufikishwa kwenye namba tasa. Kuzidisha 89 kwa 97 ni kazi ya dakika moja. Lakini akipewa 8633 peke yake azitafute namba mbili zilizoizaa, atatoka jasho. Juu ya ugumu huo, kwa namba zenye mamia ya tarakimu, Rivest, Shamir na Adleman walijenga mwaka 1977 mfumo uliokuja kulinda fedha na barua za kompyuta duniani kote. Hiyo ni hisabati, wala si mchezo.

Ama hoja ya hatari, hiyo ni ya zamani. Mwaka huohuo wa 1977 mtumishi mmoja wa NSA, shirika la Marekani la kunasa mawasiliano, aliwaandikia wahandisi barua akiwaonya kwamba kuijadili elimu hiyo hadharani kungeweza kuvunja sheria za kuuza silaha nje. Wataalamu wa vyuo hawakutishika. Na ajabu ni kwamba NSA hilohilo lilikuwa miongoni mwa wagharimiaji wa makambi ya 2014, mwaka mmoja tu baada ya Edward Snowden kufichua jinsi lilivyokuwa likikusanya mawasiliano ya umma. Kumbe hatari haikuwa katika elimu yenyewe. Ugomvi ulikuwa ni nani aimiliki.

Gharama ya kutoijua elimu hiyo imekwisha kuonekana. Kwa miongo mingi kampuni ya Crypto AG ya Uswisi iliziuzia serikali zaidi ya mia moja, za Afrika zikiwamo, mitambo ya kufumba ujumbe. Mwezi Februari 2020 ilifichuliwa kwamba tangu mwaka 1970 kampuni hiyo ilikuwa imenunuliwa kwa siri na majasusi wa Marekani na wa Ujerumani Magharibi, na mitambo yake ikachezewa makusudi. Serikali zilinunua kufuli, muuzaji akabaki na ufunguo. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako.

Kwa hiyo warsha ya vijana si anasa. Somo la mwanzo halihitaji mitambo; kalamu, karatasi na mwalimu wa hisabati vyatosha. Lakini mwalimu huyo asiishie kwenye kufunga na kufungua. Hana budi kumfundisha kijana kuuliza, kila aletewapo kufuli: nani ameitengeneza, na nani amebaki na ufunguo? Taifa lisilo na vijana wa kuuliza hivyo litaendelea kununua kufuli za wengine, na siri zake zitasomwa ugenini kabla hazijafika kwa waliokusudiwa.