Ua la Kanazi na Jina Lake

Ndugu zangu wa Kanazi, hapa Ngara, wazee kwa vijana, nina ombi. Mvua zikikatika mwezi Juni, kila nyumba ikaushe ua moja la hapa kwetu na kulibandika kwenye bahasha iliyokunjwa kwa mkono. Nyuma ya bahasha liandikwe jina la ua hilo kama bibi anavyolitaja, kwa Kihangaza au Kishubi. Kisha bahasha imfikie mtu wetu aliye mbali: mwanafunzi wa bweni, binti aliyeolewa Mwanza, kijana anayehangaika Dar es Salaam.

Kinachonisukuma ni hayo majina. Nimewauliza watoto njiani, ua wameshika mkononi, linaitwaje, wakanijibu, "Ni ua tu." Muulize bibi yao. Atakutajia jina, atakuambia kama mbuzi hulila au huliacha, na zamani lilichemshwa kwa ugonjwa gani. Maarifa hayo yamo vichwani mwa watu wenye mvi, na wengi wao hatujawahi kuwauliza.

Kukausha maua ni kazi ya heshima. Mwaka 1902, huko Amani kwenye milima ya Usambara, wataalamu walianza kukusanya mimea na kuikausha kwa kuibana, kila mmoja na kijikaratasi chake cha jina, mahali na tarehe. Mkusanyiko huo ulihamishiwa Nairobi mwaka 1950, na watafiti wanautumia hadi leo. Jani lililobanwa vizuri huishi miaka mingi kuliko aliyelichuma. Nasi tunahitaji gazeti kuukuu na jiwe tu.

Chuma asubuhi, umande ukishakauka. Ua jembamba ndilo linalofaa. Alizeti pori ya kando ya barabara ni nene, huoza katikati kabla ya kukauka, kwa hiyo zing'oe petali zake mojamoja, uje uzipange upya siku ya kubandika. Bogenvilia ni rahisi kuliko yote: ile rangi tunayoiita ua kumbe ni majani, nayo ni membamba kama karatasi tangu mtini. Ua la kahawa liacheni lilipo, jamani. Kila ua ni buni ya kesho. La maharage vilevile.

Lilaze ua kati ya kurasa za gazeti, juu yake ubao, juu ya ubao tofali au jiwe. Siku tatu nne za mwanzo badilisha gazeti kila siku, maana unyevu ukibaki huleta ukungu, na ua hugeuka jeusi. Wiki mbili hivi zinatosha. Ndiyo sababu nimetaja Juni: wakati wa masika hata gazeti lenyewe halikauki.

Kwa bahasha, chukua kuukuu, ibandue taratibu kwenye gundi, itandaze, iwe kigezo chako. Kalenda ya mwaka jana inafaa. Tabaka la ndani la mfuko wa saruji, likikung'utwa na kufutwa vizuri, ni kaki imara mno. Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo. Mikono yetu si migeni kwa kazi hii: muuza karanga hukunja karatasi kutwa, na mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, wengi walirudia karatasi. Ua likae chini upande wa kushoto, mbali na stempu na anwani. Kama barua inakwenda nje ya nchi, lichore badala ya kulibandika, kwa kuwa nchi nyingi zina masharti kuhusu mimea inayoingia.

Sisi wa Ngara tunajua uzito wa barua. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni waliokimbia Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuja kwetu kwa muda wa siku moja hivi. Waliopotezana waliandikiana kupitia Msalaba Mwekundu: karatasi ya wazi, isiyo na bahasha, yenye habari za familia tu, nani yu hai na yuko wapi. Leo tuna utulivu wa kuifunga barua, na wa kuiwekea ua.

Walimu, lifanyeni somo la Ijumaa moja. Kamati za harusi, kabla ya kuagiza bahasha za kadi za mchango mjini, waulizeni vijana wa hapa bei yao. Wanakwaya, bahasha za sadaka ya mavuno zinawangoja. Na wewe mama mwenye mjukuu, mtume akuletee ua lolote la mpakani mwa shamba, umwambie jina lake, aliandike mbele yako.

Mimi nimeanza na kaua ka zambarau kanakoota nyuma ya jiko letu. Sasa hivi kako chini ya tofali. Jina lake ameahidi kunipa bibi jirani, Jumapili baada ya ibada.