Unalipa kila mwezi, lakini muvi si yako

Kama ulitazama Breaking Bad hadi tamati, bila shaka unamkumbuka Jesse Pinkman akivunja lango kwa gari lile aina ya El Camino, analia huku anacheka. Hapo ndipo kipindi cha mwisho kilimwacha, Septemba 29, 2013, baada ya misimu mitano na vipindi 62. Kwa miaka sita mashabiki walibaki wakijiuliza: huyu jamaa alienda wapi?

Jibu lilikuja Oktoba 11, 2019, katika filamu ya El Camino, iliyoandikwa na kuongozwa na Vince Gilligan, yule yule aliyebuni mchezo wenyewe. Ilianza kuonyeshwa Netflix na katika kumbi chache za sinema Marekani. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2020, Sony ikaitoa kwa diski ya Blu-ray.

Wengi wetu hatukushtuka. Nani anatafuta diski siku hizi? Laptopu za sasa hazina hata pahali pa kuingiza CD. Lakini nakuambia, kijana mwenzangu, diski hiyo inatufunza jambo ambalo sisi tunaotazama kila kitu kwa simu tumelisahau: kulipia kitu si sawa na kukimiliki.

Hebu fikiria hadithi hii moja ilivyogawanywa. Breaking Bad ilitengenezwa na kampuni ya Sony na kupeperushwa na runinga ya AMC. El Camino, ambayo ndiyo hitimisho la safari ya Jesse, ikaletwa na Netflix. Hadithi ni moja, wenye nyumba ni wawili. Leo ukizikuta zote mtandaoni, mshukuru Mungu na mikataba, maana mikataba huisha. Siku mmoja akiamua kuhamisha vitu vyake, wewe utabaki na mwanzo bila mwisho, au mwisho bila mwanzo. Hata aliyenunua ile seti kamili ya mwaka 2013, iliyokuja ndani ya kopo lenye umbo la pipa, alibaki na pengo hadi diski ya filamu ilipotoka. Sasa anaweza kuziweka pamoja kwenye kabati na hakuna atakayempigia simu kumwambia muda umeisha.

Unadhani natia chumvi? Mwishoni mwa 2022, Westworld, mchezo uliogharimu mamilioni ya dola, uliondolewa kwenye HBO Max, jukwaa la kampuni iyo hiyo iliyoutengeneza. Mei 2023, Disney ikaiondoa Willow kwenye jukwaa lake, miezi sita tu baada ya kuizindua. Waliokuwa wakilipa kila mwezi hawakuulizwa maoni yao. Tatizo hili lilikua hadi jimbo la California likapitisha sheria, iliyoanza kutumika 2025, inayowazuia wauzaji wa filamu na michezo ya kidijitali kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopewa ni kibali tu. Ukiona serikali inaingilia neno moja kwenye kitufe, jua watu wameumia.

Hapa Kenya pia tulionjeshwa. Septemba 2021 Netflix ilituletea huduma ya bure kwa wenye simu za Android. Wasee wakafurahia, wakasambaza habari. Novemba 2023 ikafungwa. Ni haki yao, bure yao si deni kwetu. Ila somo ndilo hilo: cha mwenzio kinaondoka na mwenzio.

Cha kuchekesha ni kwamba Netflix yenyewe ilianza biashara kwa kuwatumia Wamarekani DVD kwa posta. Huduma hiyo ilituma diski zake za mwisho Septemba 29, 2023, miaka kumi kamili tangu Jesse avunje lango.

Kuna faida nyingine ambayo kijana anayeota kutengeneza filamu hafai kuipuuza. Diski ya El Camino ina sauti ya Gilligan na mwigizaji Aaron Paul wakiizungumzia filamu inapoendelea kucheza. Hebu chukua ile sehemu Jesse anapoenda kwa mzee Ed, anayewasaidia watu kutoweka, akiwa na mfuko wa pesa. Anakosa dola 1,800 tu, na mzee anakataa katakata. Hakuna kelele wala bunduki, ni watu wawili na hesabu ya pesa, lakini utashika pumzi. Aliyemwigiza Ed, Robert Forster, alifariki siku ile ile filamu ilipotoka. Kazi kama hiyo haifai kutazamwa mara moja ndani ya matatu na kusahaulika. Unairudia, unaisimamisha, unamsikiliza mwongozaji. Hiyo ni shule, na karo unalipa mara moja.

Sasa najua utakachosema. "Si nitaenda tu kwa duka la muvi mtaani niwekewe kwa flashi?" Ni kweli, na ni bei ya kutupa. Ni kweli pia kwamba faili hiyo haiondolewi na mtu. Lakini aliyefanya kazi hapati hata ndururu. Na usidhani anayeumia ni Hollywood peke yake. Waulize watayarishaji wa Riverwood, waliokuwa wakiuza vichekesho na drama zao kwa diski kule River Road, Nairobi. Wizi wa nakala uliwanyonya, halafu soko la diski likafifia. Filamu nyingi za aina hiyo hazimo kwenye majukwaa makubwa ya ughaibuni. Nakala ikipotea, imepotea na sauti ya mtaa wetu. Breaking Bad ina Sony ya kuitunza. Kazi zetu zinatutegemea sisi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: gharama. Diski halisi ni ghali, na mashine ya kuichezea ni gharama nyingine. Isitoshe, Blu-ray hugawanywa kwa maeneo. Afrika iko eneo B, pamoja na Ulaya, ilhali Marekani iko A. Ukiagiza diski ya Marekani iliyofungiwa eneo lake, mashine ya huku itaikataa na utakuwa umenunua kioo cha kujitazamia. Kwa hivyo angalia alama nyuma ya kasha kabla hujatuma pesa.

Sikwambii ufute akaunti yako, wala uuze simu ununue makasha. Endelea kutazama mtandaoni yale ya kupitisha wakati. Ila chagua hadithi mbili tatu zilizokugusa kikweli, zile unazotaka kumwonyesha mdogo wako akikua, na uzimiliki. Changeni na marafiki mnunue mashine moja, kila mtu alete diski yake, mzungushiane jinsi tulivyokuwa tukizungushiana vitabu vya hadithi shuleni. Na mtengenezaji wa filamu wa hapa nyumbani akikuuzia nakala halali, iwe diski au faili, mlipe na uiweke vizuri.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwa sasa sisi vijana tumejaza simu nguo za kuazima, na tunajiita matajiri wa muvi. Siku mwenyewe akija kuzidai, utabaki na nini?