Vijana wa Chuo Kikuu na Azma ya Biashara

Katika vitabu vya fikihi vya madhehebu yetu ya Kishafii, mwanafunzi hufundishwa mapema kwamba nia ni kukusudia jambo pamoja na kulitenda. Akilikusudia, na kitendo kikawa kingali mbali, hiyo haiitwi nia, bali huitwa azma. Tafauti hii tumeisomesha miaka mingi katika mlango wa udhu na sala, wala hatukudhani kuwa ingetufaa katika habari za biashara.

Wataalamu wanaochungua mambo ya nafsi nao wana swali lao: ni kitu gani kimfanyacho kijana wa chuo kikuu aazimie kusimamisha biashara yake mwenyewe, na mwenziwe aliyekaa naye darasa moja asiwe na fikira ila ya kuajiriwa? Bwana Icek Ajzen, katika maandishi yake ya mwaka 1991, alieleza kuwa azma ya mtu hujengwa na mambo matatu: namna aionavyo kazi yenyewe, kuwa ni njema au si njema, namna watu wake watakavyoitazama, na namna ajionavyo yeye, kuwa ataiweza au hataiweza. Mwaka 2009 Francisco Liñán na Yi-Wen Chen walitangaza uchunguzi wao juu ya watu 519 wa Hispania na Taiwan. Waliona kuwa la kwanza na la tatu ndiyo yenye nguvu. Ama rai ya jamaa haikuigusa azma yenyewe moja kwa moja, bali ilipita kwa kuyageuza mawili hayo.

Msomaji asilipite neno hili upesi, kwani limo ndani ya nyumba zetu. Baba aliyeuza kipande cha shamba la minazi ili mwanawe asome, siku mwana atakapomwambia kuwa ataka kusaga viungo na kuvipeleka madukani, hamkatazi. Humuuliza tu, “Ndiyo hayo tuliyokusomeshea?” Kijana hunyamaza. Baada ya mwaka mmoja utamsikia mwenyewe akisema kuwa biashara ni kazi ya waliokosa elimu, na kwamba yeye hana kipaji chake. Naye huona kuwa maneno hayo ni rai yake. Na huenda ada yenyewe ililipwa nusu kwa vitumbua vya mama yake, ambaye hakuna mtu nyumbani aliyepata kumwita mfanyabiashara!

Hatusemi kuwa baba huyo ni mjinga. Ameona maduka yakifungwa, na mshahara wa mwisho wa mwezi ni kitu akijuacho.

Wako wadhanio kuwa dawa ni kuongeza masomo ya biashara vyuoni. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa chuo kimoja cha Uholanzi, ambako wanafunzi waliendesha kampuni ndogo kwa mafunzo. Na azma yao ya kufanya biashara ikapungua badala ya kuzidi. Sisi hatuoni kuwa hiyo ni hasara tupu. Ajuaye kina cha mkondo kabla ya kutweka tanga, akaamua kubaki pwani, ameokoa chombo.

Tumtazame Abdurrahman bin Auf, Mwenyezi Mungu amridhie. Alipohamia Madina aliunganishwa udugu na Saad bin Rabii, naye Saad akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimuombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko liliko. Akarudi na jibini kavu na samli. Mikono yake ilikuwa mitupu, lakini ujuzi wa kununua na kuuza alihama nao kutoka Makka. Kijana wetu hutoka chuoni na cheti, na mara nyingi hajapata kuuza hata fungu moja la ndizi.

Pana jambo la mtaji. Tanzania Bara, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 katika hizo ni ya vijana walio katika vikundi. Lakini nyumba nyingi zina mlango ulio karibu zaidi, nao ni mudharaba. Mzazi au mjomba hutoa fedha, kijana hutoa kazi yake, na faida hugawanywa. Hasara ikitokea bila ya uzembe wala hiana, humpata mwenye mali katika fedha zake, na kijana hupoteza jasho lake. Fungu la faida litajwe kwa sehemu, kama nusu au thuluthi, wala lisitajwe kwa shilingi maalumu za kila mwezi, kwani hapo muamala huharibika. Na yaandikwe, mbele ya mashahidi wawili, hata kama ni baba na mwanawe.